Kuhesabu kwa Jina la Mungu

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: hisabati ina kazi gani katika imani ya Mkristo? Nimelisikia likijibiwa kwa njia mbili, na zote mbili haziniridhishi. Jibu la kwanza ni la wale wanaosema kwamba hisabati na imani ni mafuta na maji. Hisabati, wanasema, hudai uthibitisho, na imani huanzia pale uthibitisho unapokoma. Basi mwanafunzi wa hisabati anayekwenda kanisani Jumapili aiache akili yake mlangoni kama anavyouacha mwavuli. Jibu la pili ni la wale wanaoifanya hisabati mtumwa wao. Kwao kila namba iliyomo katika Biblia ni fumbo, na mwenye kujua kujumlisha na kuzidisha anaweza kulifumbua na kutuambia dunia itaisha lini, mnyama wa Ufunuo ni nani, na sadaka ya leo itarudi mara ngapi.

Mimi ninasomea ualimu wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda, lakini sekondari nilisoma hisabati mpaka kidato cha sita, na wakati wa likizo bado ninawafundisha hesabu watoto wa majirani. Pia mimi ni Mkristo. Kwa hiyo swali hili kwangu si la darasani tu. Msimamo wangu ni kwamba hisabati haiwezi kumthibitisha Mungu wala kumkanusha, lakini inaweza kumfundisha muumini adabu moja ambayo imani yake inaihitaji sana: adabu ya kukataa jibu lililopatikana kwa njia isiyo halali, hata kama jibu lenyewe linapendeza. Adabu hiyo ikikosekana, watu huumia. Nitaonyesha wanavyoumia, kisha nitaonyesha kwamba Maandiko yenyewe, yakisomwa na mtu anayejali hesabu, yanatufundisha kuhesabu kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na uthibitisho. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Euclid alionyesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hakuzihesabu zote, maana hakuna awezaye. Alisema hivi: chukua orodha yoyote ya namba tasa, zizidishe zote pamoja, kisha ongeza moja. Namba utakayoipata haigawanyiki kwa namba yoyote iliyo katika orodha yako, kwa sababu kila ukigawanya hubaki moja. Basi lazima kuna namba tasa nyingine nje ya orodha hiyo. Kwa mfano, ukichukua 2, 3 na 5, ukazizidisha na kuongeza moja, unapata 31, nayo ni namba tasa ambayo hukuwa nayo. Uthibitisho ndio huu. Hauhitaji sauti kubwa wala cheo cha msemaji, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kumkagua Euclid hatua kwa hatua bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Imani ya Mkristo haikujengwa hivyo, na sioni sababu ya kuona haya kulisema. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662, alikuwa mmoja wa watu wawili walioweka msingi wa hisabati ya uwezekano, katika barua alizoandikiana na Pierre de Fermat mwaka 1654. Mwaka huohuo, usiku wa tarehe 23 Novemba, alipata tukio la kiroho lililoyabadilisha maisha yake. Aliliandika katika karatasi ambayo aliishonea ndani ya koti lake, ikaja kugunduliwa baada ya kifo chake. Katika karatasi hiyo alimtofautisha Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo na yule wa wanafalsafa na wataalamu. Mtu aliyekuwa na hisabati nyingi kuliko karibu kila mtu wa zama zake hakudai kwamba hisabati ndiyo iliyomfikisha kwa Mungu. Baadaye alitumia lugha ya uwezekano kuwashawishi wenye shaka kwamba kuamini ni kama dau lenye faida, lakini hilo lilikuwa shauri la kumfanya mtu atafute, halikuwa uthibitisho kwamba amekwisha kupata.

Kwa hiyo wanaosema kwamba imani haithibitishwi kama kanuni ya jometri wana haki. Wanapokosea ni pale wanapohitimisha kwamba, kwa kuwa imani haithibitishwi, muumini hana haja ya kukagua chochote. Hapa ndipo wale wa jibu la pili wanapopata mlango.

Chukua mfano wa Michael Stifel. Alikuwa Mjerumani, mtawa wa shirika la Augustino, kisha akawa mfuasi na rafiki wa Martin Luther. Kitabu chake kiitwacho Arithmetica integra, kilichotoka mwaka 1544, kinahesabiwa miongoni mwa vitabu bora vya hisabati vya karne ile. Humo alieleza mambo ya vipeo yaliyowaandalia njia wagunduzi wa logarithimu. Lakini miaka michache kabla ya kitabu hicho, Stifel alikuwa ameitumia akili hiyohiyo kutafuta siri za Ufunuo na Danieli. Alilichukua jina la Papa Leo wa 10 kwa Kilatini, LEO DECIMVS, akachagua herufi ambazo ni tarakimu za Kirumi: L, D, C, I, M na V. Jumla yake ni 1,656. Haikuwa namba aliyoitaka. Akaiondoa M, yaani 1,000, akisema inasimama badala ya neno la Kilatini lenye maana ya fumbo. Ikabaki 656. Akaongeza X, yaani 10, kwa kuwa Papa huyo ni Leo wa kumi. Ikawa 666, namba ya mnyama.

Kila hatua ya kujumlisha hapo ni sahihi. Hakuna mwalimu atakayeweka alama ya kosa kwenye 656 na 10. Kosa liko kwingine: kanuni za kuondoa na kuongeza zilitungwa baada ya jibu kujulikana. Stifel hakuhesabu ili aone atafika wapi. Alijua anakotaka kufika, akatengeneza barabara ya kumfikisha huko.

Ili mtu asidhani kwamba hila hii inahitaji Kilatini, nitaifanya kwa Kiswahili. Chukua neno CHAKULA. Tukizipa herufi namba kwa mpangilio wa alfabeti ya herufi 26, A ikiwa 1 na Z ikiwa 26, herufi za neno hili ni 3, 8, 1, 11, 21, 12 na 1. Jumla ni 57. Ili tufike 666 tunahitaji 609 zaidi, na neno lina herufi saba. Kwa bahati 609 inagawanyika kwa 7 bila baki, na jibu ni 87. Basi tukianza kuhesabu kwa A ikiwa 88 badala ya 1, neno CHAKULA linatoa 666 kamili. Msomaji anaweza kukagua: 90, 95, 88, 98, 108, 99, 88. Je, chakula ndicho mnyama? Kama ndivyo, mnyama huyo tunapanga foleni kila siku mchana katika bwalo la chuo tukiwa na sahani mkononi.

Jambo hili si la ajabu. Neno lolote la herufi saba litakubali hila hii ikiwa kiasi kinachopungua kufikia 666 kinagawanyika kwa saba, yaani takriban neno moja katika kila maneno saba. Na hapo nimejiruhusu kubadilisha kitu kimoja tu, namba ya kuanzia. Nikijiruhusu pia kuongeza cheo mbele ya jina, kuandika kwa lugha nyingine, au kuacha herufi moja nikisema ni fumbo, hakuna jina katika kitabu cha mahudhurio litakalonishinda. Uhuru ukiwa mwingi, jibu halina tena habari yoyote ndani yake. Haliwezi kutuambia kitu kuhusu Papa, kuhusu chakula, wala kuhusu mnyama. Linatuambia tu mhesabuji alikuwa anamchukia nani.

Stifel hakuishia kwenye jina. Akiwa mchungaji wa kanisa la kijiji, alitangaza kwamba dunia ingeisha mwezi Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alijaribu kumzuia, akashindwa. Siku ikafika, saa mbili ikapita, na Stifel akaondolewa katika kanisa lake. Mtu anaweza kuicheka habari hiyo kwa kuwa ni ya mbali na ya zamani, tena iliisha kwa aibu bila msiba. Lakini sisi tuliolelewa Uganda hatuwezi kucheka sana, kwa sababu tuna Kanungu.

Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi yetu, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya kanisa la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Siku zilizofuata polisi walifukua miili mingine mingi katika maeneo yaliyokuwa ya kundi hilo. Viongozi walikuwa wamewafundisha wafuasi kwamba dunia ingeisha mwaka 1999 ukiisha, na wengi walikuwa wameuza mali zao. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Mimi nilizaliwa baada ya moto huo, lakini nimekua nikisikia wazee wakilitaja jina la Kanungu kwa sauti ya chini.

Sisemi kwamba somo la hisabati lingewaokoa watu wale. Sababu za msiba kama ule ni nyingi: umaskini, magonjwa, hofu, na viongozi ambao hawakutaka kuulizwa. Ninachosema ni kwamba tarehe ilikuwa mojawapo ya kamba zilizowafunga, na tarehe hiyo haikuwa na njia halali ya kupatikana. Injili yenyewe inasema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata Mwana hajui, ila Baba. Mwanahisabati angesema kwamba tatizo hili limekwisha kuthibitishwa kuwa halina suluhisho kwa vifaa tulivyopewa. Mwanafunzi akileta karatasi yenye suluhisho la tatizo la namna hiyo, mwalimu hana haja ya kulisifu wala kuliogopa. Anatafuta kosa liko mstari wa ngapi.

Hesabu ya pili inayowaumiza watu ni ya polepole zaidi, na hiyo iko mlangoni petu. Ni ile ya mbegu. Mhubiri anasoma mfano wa mpanzi, anafika pale penye thelathini, sitini na mia, kisha anawaambia vijana: panda shilingi 10,000 leo, Mungu atakurudishia mara mia. Tuikubali kauli hiyo kwa muda, kama tufanyavyo katika hisabati tunapotaka kujua kauli inatupeleka wapi. Shilingi 10,000 zikizaa mara mia ni milioni moja. Muumini mwaminifu anaipanda tena milioni hiyo, anapata milioni 100. Anapanda mara ya tatu, anapata bilioni 10. Mara ya nne ni trilioni moja. Waumini 60 tu, ambao hawajai hata nusu ya ukumbi mdogo, wangekuwa na trilioni 60, na bajeti nzima ya serikali ya Uganda ya mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa takriban trilioni 52.7. Kwa kuwa matokeo hayo hayapo na hayawezi kuwapo, kauli tuliyoanza nayo si kweli. Wanahisabati huuita huu uthibitisho wa kupinga: unamkubalia msemaji kauli yake, kisha unaiacha ijiangushe yenyewe.

Mwenzangu mmoja wa hosteli alitoa nusu ya karo yake kama mbegu. Muhula ule hakuruhusiwa kufanya mitihani. Alipokwenda kueleza, aliambiwa kwamba mbegu haikuota kwa sababu imani yake ilikuwa na shaka. Tazama jibu hilo lilivyo. Ni ile X ya Stifel imerudi. Kanuni ya awali ilisema panda utavuna mara mia. Matokeo yalipokataa, sharti jipya likaongezwa ili kanuni isionekane imeshindwa. Kwa utaratibu huo hakuna mavuno yoyote, makubwa au madogo, yanayoweza kuikanusha kauli. Na mzigo wa kosa akabebeshwa yule aliyekwisha kupoteza karo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walijua kwamba maskini hukusanya kwa kujumlisha. Anayemwahidi maskini kuzidisha inafaa aulizwe mara mbili.

Halafu kuna jambo ambalo mahubiri hayo huliruka. Katika mfano wenyewe wa mpanzi, mbegu ziliangukia sehemu nne: njiani, penye mwamba, penye miiba, na penye udongo mzuri. Sehemu tatu katika nne hazikuzaa kitu. Anayetaka kuufanya mfano ule kuwa fomula ya fedha angepaswa kuwatangazia pia waumini wake habari za sehemu hizo tatu. Sijawahi kumsikia anayefanya hivyo.

Kuna pingamizi mbili ambazo msomaji makini anaweza kunitolea. Ya kwanza ni kwamba Biblia yenyewe inapenda namba, na watakatifu wenye elimu walizitafakari bila kumdhuru mtu. Ni kweli. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliitafakari ile hesabu ya samaki 153 waliovuliwa katika sura ya mwisho ya Injili ya Yohana. Aliona kwamba 153 ni jumla ya namba zote kuanzia 1 hadi 17, na 17 ni 10 jumlisha 7: amri kumi na vipaji saba vya Roho. Hesabu yake ni sahihi. Ukipanga nukta 153 kwa safu, ya kwanza nukta moja na ya mwisho nukta 17, unapata pembetatu kamili. Je, Augustino naye alifanya kosa la Stifel?

Naona hapana, na tofauti yao inafundisha. Augustino hakutoa amri kutoka katika namba. Kwamba sheria inahitaji neema ni fundisho alilokwisha kulipokea kwingine katika Maandiko, na angeliamini hata kama samaki wangekuwa 152. Namba kwake ilikuwa pambo la ukweli aliokuwa nao tayari, kama mshairi anavyopata furaha vina vikikubali maana. Hakuna aliyeuza nyumba yake kwa sababu ya 153. Stifel na wahubiri wa mbegu wanafanya kinyume: wanaitaka namba ibebe uzito wa amri mpya, tarehe mpya, mchango mpya. Pambo likigeuzwa nguzo, nyumba huwaangukia waliomo.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mtu anaweza kusema: imani yako nzima imesimama juu ya kauli zisizothibitishwa. Ukishakubali moja bila uthibitisho, una haki gani ya kumkatalia mwingine ya kwake? Hapa hisabati inanisaidia tena, maana nayo ina kauli za aina hiyo. Euclid alianza na kauli chache alizoomba zikubaliwe. Mojawapo, inayohusu mistari sambamba, iliwasumbua watu kwa zaidi ya miaka 2,000. Walijaribu kuithibitisha kwa kauli nyingine wakashindwa. Katika karne ya 19 Lobachevsky wa Urusi na Bolyai wa Hungaria walijenga jometri ambayo haiikubali kauli hiyo, na jometri hiyo ikaja kuonekana kwamba haijipingi.

Funzo nililolipata hapo ni kwamba kuanza na kauli isiyothibitishwa si aibu, lakini kuna masharti yake. Anayeikubali kauli ya msingi huitangaza mapema, mbele ya wote, na kisha hufungwa na kila kitu kinachofuata kutoka humo, kipende kisipende. Haruhusiwi kuichukua inapomfaa na kuiacha inapomgharimu. Mimi ninakubali, bila uthibitisho wa Euclid, kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Nikishaikubali kauli hiyo, inanifunga. Inafuata kwamba siwezi kumfanya mwenzangu wa hosteli kuwa njia ya kujazia kapu la sadaka. Inafuata kwamba hata yule mhubiri siwezi kumfanya mnyama kwa kujumlisha herufi zake. Anayetunga sharti jipya kila anapobanwa hana kauli ya msingi, ana kisingizio.

Sasa nirudi kwenye Maandiko na namna yanavyohesabu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, tunaelezwa juu ya birika kubwa la shaba la hekalu la Sulemani, liitwalo bahari ya kusubu. Kipenyo chake kilikuwa mikono 10, na uzi wa kulizunguka mikono 30. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kukutana na pai ataona kwamba mzingo ungekuwa karibu mikono 31 na nusu. Wapo wanaoitumia aya hii kuidhihaki Biblia, na wapo wanaotumia vitabu vizima kuitetea kwa kupima unene wa ukingo. Mimi naona mwandishi alikadiria, kama fundi anavyokwambia kwamba bati ni za mita tatu. Hakuna aliyedhurika kwa mkono mmoja na nusu uliosahaulika.

Lakini fungua Injili ya Luka, sura ya 15. Mtu ana kondoo 100, mmoja amepotea. Wamebaki 99. Katika chuo chetu alama 99 kwa 100 ni sababu ya kuandaa sherehe. Mfanyabiashara angeandika hasara ya asilimia moja na kulala usingizi. Mchungaji wa mfano huo haikadirii 99 kuwa 100. Anatoka. Kwake yule mmoja hawi sehemu ya mia. Ni mzima, na uzima wake haupungui kwa kuwa wenzake ni wengi. Kisha katika sura ya 12 ya Marko kuna mjane anayetia sarafu mbili ndogo, na Yesu anasema ametia kuliko wote. Kwa kipimo cha jumla kauli hiyo si kweli. Kwa kipimo cha uwiano ni kweli tupu: mbili juu ya mbili ni asilimia 100, na hakuna tajiri aliyefika hapo. Na tuangalie kwamba hakuahidiwa sarafu 200. Tena aya chache kabla yake, katika sura hiyohiyo, wanalaumiwa walimu wanaokula nyumba za wajane.

Nikiviweka vifungu hivi pamoja naona utaratibu. Biblia inakadiria birika, haikadirii kondoo. Inazungusha namba pale ambapo kuzungusha hakumgusi mtu, na inakuwa kali hadi mmoja wa mwisho pale ambapo anayehesabiwa ana uhai. Wahesabuji wa kwetu wamegeuza mambo. Wanataka usahihi wa siku na saa, usahihi wa mara mia, usahihi wa herufi za jina la adui; lakini watu wenyewe wanawahesabu kwa jumla, kama magunia. Viongozi wa Kanungu waliwapa wafuasi wao tarehe. Na waliokufa, hadi leo, idadi yao hutajwa kwa makadirio, na wengi walizikwa kwa pamoja bila majina. Mwisho wa dunia ulikuwa na tarehe, na wafu hawakuwa na hesabu.

Kwa sababu hiyo siikubali ile shauri ya kuacha akili mlangoni. Mtu akihesabu kwa jina la Mungu, awe mhubiri, nabii au mwanafunzi mwenzetu mwenye daftari la siri za namba, tuna haki ya kumuuliza maswali ambayo mwalimu wa hisabati angemuuliza. Kanuni yako uliiweka kabla ya kupata jibu au baada? Ni matokeo gani yangekufanya ukubali kwamba umekosea? Tunayo pia haki ya kumuuliza swali moja ambalo mwalimu wa hisabati halazimiki kuliuliza, lakini Injili inalazimika: hesabu hii ikikosea, nani ataibeba hasara? Kama anayebeba hasara ni mwenye njaa, mgonjwa, mjane au mwanafunzi asiye na karo, na anayebeba faida ni mhesabuji, basi hatuhitaji kungoja tarehe ifike.

Mwenzangu alirudia muhula ule. Alikopa kwa shangazi yake, akalipa, akafanya mitihani na wanafunzi wa mwaka uliomfuata. Bado anasali, na sadaka bado anatoa. Aliniambia kwamba siku hizi huandika kiasi anachokitoa katika daftari la matumizi, mstari mmoja na nauli na sabuni, na upande wa mapato haandiki kitu.